"Ruhusa Zimebadilika Zenyewe": Uhakiki wa Sentensi Moja ya Maabara

0. Utangulizi

Makala haya yanahakiki sentensi moja fupi. Msomaji aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya kompyuta inayotumia Unix, au mfumo wa ukoo wake kama Linux, bila shaka ameisikia: "Ruhusa za mafaili zimebadilika zenyewe." Husemwa na mwanafunzi asiyeweza tena kuandika katika faili aliloliandika jana. Husemwa na msimamizi wa maabara anapomjibu mkuu wa idara. Huandikwa katika ripoti, ikapigwa mhuri na kuwekwa kabatini.

Nia yetu si kufundisha ufundi wa mashine, ingawa itatubidi kuugusa. Tunachodai ni kwamba sentensi hii ni mbaya kama maelezo, na kwamba ubaya wake ni wa lugha kabla ya kuwa wa mashine. Kiima chake mara nyingi si sahihi, kauli ya kitenzi chake inamficha mtenda, na neno lake la kwanza limebebeshwa maana mbili zinazopaswa kutengana. Mwenye kuisahihisha sentensi yenyewe amekwisha kuifikia nusu ya sababu.

Huenda msomaji akauliza jarida la taaluma za Kiswahili linatafuta nini katika mambo ya seva. Jibu ni kwamba mali yetu sasa inakaa humo. Masimulizi tuliyorekodi mitaani, kadi za msamiati, rasimu za tasnifu, vyote vimo katika saraka za pamoja ambazo watu kumi au ishirini huziandika kwa zamu. Zamani mtafiti aliogopa mchwa na paa linalovuja. Leo anaogopa pia herufi tisa zinazotokea mwanzoni mwa kila mstari pale anapoandika ls -l. Tena liko jambo zito zaidi. Sentensi isiyo na mtenda haikai wazi kwa muda mrefu: watu humtafuta mtu wa kuijaza nafasi hiyo, na mtu anayepatikana kwa urahisi si lazima awe ndiye.

1. Kauli ya kutendeka

Sarufi ya Kiswahili inatofautisha vizuri mambo ambayo lugha nyingine huyachanganya. "Kikombe kimevunjika" hutuambia hali ya kikombe, basi. "Kikombe kimevunjwa" hutulazimisha kuuliza: na nani? Hakuna mzungumzaji anayesema "kikombe kimevunjika na mtoto" akakubaliwa na wenzake. Kauli ya kutendeka inamkataa mtenda kwa umbo lake lenyewe. Mama mwenye busara huitumia kwa makusudi mbele ya wageni ili mtoto asiaibike.

Vivyo hivyo "badilika" na "badilishwa". Anayesema ruhusa "zimebadilika" amechagua, hata kama hakukusudia, umbo linaloufunga mlango wa kuuliza. Na anapoongeza "zenyewe", ameupiga komeo. Lakini katika mifumo ya aina ya Unix hakuna ruhusa inayobadilika kama maziwa yanavyoganda. Tukiiacha diski iliyoharibika, kila badiliko la ruhusa ni tendo: kuna programu iliyoliomba, na kila programu inaendeshwa kwa jina la mtumiaji fulani, awe mtu wa damu na nyama, awe mtumiaji wa huduma, awe yule mkubwa aitwaye root. Mtenda yupo siku zote. Kinachokosekana ni sentensi inayomtafuta.

Tuseme hapa, kwa kupita, kwamba wanafunzi wetu wa Lubumbashi wana usemi wao wanapozungumza nje ya darasa: "Fishie inakatala kufunguka." Walimu huusahihisha haraka sana, wakiona ndani yake Kifaransa na lahaja tu. Sisi tunaona kwamba usemi huo ni mkweli kuliko ule wa ripoti. Anayesema faili "inakatala" anaeleza alichokiona, nacho ni kukataliwa. Hadai kwamba anajua historia ya faili lile. Sentensi sanifu ya ripoti inadai: inasema kwamba kulikuwa na hali ya kwanza, ikafuata ya pili, na katikati hapakuwa na mtu. Madai matatu, na mwandishi wake hakuthibitisha hata moja.

2. Jina na kinachotajwa

Tufike sasa kwenye kiima, maana hapa ndipo penye utamu wa somo letu.

Kila mwanafunzi wa isimu anafundishwa, tangu mhadhara wa Saussure uliochapishwa mwaka 1916, kwamba jina na kinachotajwa ni vitu viwili. Watunzi wa Unix waliujenga mfumo wao juu ya utengano huohuo. Ndani ya diski, faili ni kumbukumbu yenye namba, iitwayo inodi. Inodi inahifadhi namba ya mwenye faili, namba ya kundi, ruhusa, nyakati, na mahali yalipo maandishi yenyewe. Haihifadhi jina. Jina limo katika saraka, na saraka si sanduku lenye mafaili ndani yake, kama picha za skrini zinavyotuzoesha kudhani. Ni orodha, kama kamusi, yenye jina upande mmoja na namba ya inodi upande wa pili. Inodi moja inaweza kuwa na majina mawili, kama visawe. Na jina moja linaweza leo kutaja inodi hii na kesho inodi nyingine, bila wasomaji wa kamusi kutambua.

Basi mtu anaposema "ruhusa za faili hili zimebadilika", sentensi yake inachukulia kwamba faili la jana na la leo ni moja kwa kuwa jina ni moja. Mara nyingi sivyo. Programu nyingi, zinapohifadhi kazi, haziandiki juu ya faili la zamani. Zinaandika faili jipya pembeni, na likishakamilika zinalipa jina la lile la kwanza. Ni tahadhari nzuri, na sisi tunaofanya kazi mahali ambapo umeme hukatika bila hodi tunapaswa kuishukuru: kukatika kukitokea katikati, la zamani linabaki zima. Lakini faili jipya ni inodi mpya. Mwenye faili ni yule aliyelizalisha. Ruhusa zake ni zile alizozaliwa nazo. Katika Linux mtumiaji wa kawaida hawezi kumpa mwingine umilikaji wa faili lake, kwa hiyo hata programu yenye adabu, inayojitahidi kunakili ruhusa za zamani, haiwezi kurudisha jina la mwenye faili wa awali.

Jambo hili linawezekana kwa sababu ambayo wengi huiona ngeni. Ili kuliondoa faili lako na kuweka langu chini ya jina lilelile, sihitaji ruhusa ya kuandika katika faili lako. Nahitaji ruhusa ya kuandika katika saraka, yaani katika kamusi. Anayeruhusiwa kuhariri kamusi anaweza kulifuta neno au kulipa maana nyingine, hata kama maana ya kwanza si mali yake. Iko alama ya kuzuia hilo, ile t inayoonekana mwishoni mwa ruhusa za saraka kama /tmp, lakini saraka za pamoja za maabara zetu kwa kawaida hazina.

Tutoe kisa kimoja. Katika idara fulani, ambayo hatutaitaja, kulikuwa na saraka ya masimulizi yaliyonukuliwa kutoka kwenye kanda: mafaili ya maandishi tu, ya wanafunzi kumi na wawili waliokuwa katika kundi moja la watumiaji. Kila faili lilikuwa na ruhusa 664: mwenye faili na kundi wanasoma na kuandika, wengine wanasoma. Baada ya mwezi mmoja wanafunzi walianza kukataliwa. Wakaandika ls -l, wakaona mafaili arobaini hivi yana 644, yaani kundi limenyimwa kuandika, na yote yana jina la mwanafunzi mmoja kama mwenye mali. Jina lake lilikuwa pale, kwenye skrini, mbele ya mashahidi. Ripoti ya maabara ilisema ruhusa zimebadilika zenyewe. Wenzake walisema ameyateka mafaili. Sentensi hizi mbili zilikaa pamoja bila mtu kuona kwamba zinapingana. Mwanafunzi akaambiwa asubiri kutetea tasnifu yake mpaka jambo lieleweke.

Alichokuwa amekifanya ni kazi ambayo wenzake waliikimbia: kusawazisha tahajia. Kila mwanafunzi alikuwa ameandika kwa namna yake maneno ya Kiswahili cha Lubumbashi, na yeye aliunda programu ya mistari michache inayosoma faili, inayaandika maandishi yaliyosahihishwa katika faili jipya, kisha kwa amri ya mv inalipa faili jipya jina la la zamani. Hakugusa ruhusa ya faili lolote. Hakuandika chmod hata mara moja. Kila faili alilolisahihisha lilizaliwa upya mikononi mwake, likabeba jina lake na desturi za kuzaliwa za kikao chake. Aliyefanya kazi kuliko wote ndiye aliyeonekana mwizi kuliko wote, kwa sababu watu walisoma jina la mwenye faili kama jina la mkosaji.

Ushahidi wa kumwondolea lawama ulikuwa rahisi. Amri ls -i inaonyesha namba ya inodi. Nakala ya orodha ya mwezi uliotangulia ilikuwapo; namba za mafaili yale arobaini zilikuwa tofauti, na za mafaili mengine zilikuwa zilezile. Kwa hiyo sentensi sahihi haikuwa "ruhusa za faili zimebadilika" wala "fulani amebadilisha ruhusa". Ilikuwa: "faili jingine limechukua jina hili". Kiima kipya, kitenzi kipya.

3. Desturi za kuzaliwa

Kwa nini yalizaliwa na 644? Hapa tutapita haraka, maana jambo lenyewe limeelezwa vizuri katika miongozo, isipokuwa nukta moja.

Unix ilizaliwa katika maabara za Bell, Marekani, kwa mikono ya Ken Thompson na Dennis Ritchie, na mwongozo wake wa kwanza ni wa Novemba 1971. Amri chmod imo humo tayari. Wakati huo mfumo uliwajua watu wa aina mbili tu: mwenye faili na asiye mwenye faili. Kundi liliongezwa baadaye. Umask, yaani kichujio ambacho kila kikao hubeba na ambacho hufuta baadhi ya ruhusa pale faili linapozaliwa, kilikuja na Toleo la 7 la mwaka 1979. Programu inayounda faili la maandishi kwa kawaida huliombea 666, wote wasome na waandike. Kichujio cha 022 kikipita, yanabaki 644. Cha 002 kikipita, yanabaki 664. Mwanafunzi wetu alikuwa na 022, kama watumiaji wengi duniani. Wenzake walioanza kazi ile walikuwa wameweka 002.

Nukta tunayotaka kuisema ni kwamba walimu wengi hueleza umask kama hesabu ya kutoa. Katika mifano miwili hiyo, kutoa kunaleta jibu sahihi kwa bahati. Mpe mwanafunzi umask ya 027: akitoa katika 666 atapata 639, na katika maandishi haya tarakimu 9 haipo kabisa, maana kila tarakimu ni jumla ya 4 ya kusoma, 2 ya kuandika na 1 ya kuendesha. Jibu la kweli ni 640. Kichujio hakitoi, kinafuta. Kilichokwisha kukosekana hakifutwi mara ya pili. Maelezo mabaya yanayofaulu mara mbili ni hatari kuliko yanayoshindwa mara ya kwanza.

Iongezwe kwamba saraka ile ilikuwa na alama ya s upande wa kundi, ile inayofanya kila faili jipya lirithi kundi la saraka. Wasimamizi huitegemea mno. Inarithisha jina la kundi. Hairithishi ruhusa ya kundi kuandika. Aidha hairithishi chochote kwa faili linaloingizwa kwa mv kutoka saraka nyingine ya diski hiyohiyo, kwa sababu faili hilo halizaliwi, linaandikwa tu katika kamusi nyingine huku inodi yake ikibaki vilevile. Dawa iliyokubaliwa ilikuwa umask 002 kwa wanakundi wote. Pangaliweza pia kuwekwa orodha ya ruhusa za msingi juu ya saraka kwa amri setfacl -d, na hapo umask haitumiki. Lakini anayechagua njia hiyo ajue kwamba ls itamdanganya kidogo: alama ya + hutokea mwishoni mwa ruhusa, na zile herufi tatu za katikati hazielezi tena ruhusa za kundi bali mpaka wa juu wa ruhusa za watu na makundi yaliyotajwa katika orodha. Anayezipunguza kwa chmod g-w akidhani analigusa kundi moja, amewapunguzia wote waliotajwa humo.

4. Ruhusa, mamlaka na kupita

Neno "ruhusa" tumelipokea bila kulichunguza. Katika matumizi yetu ya kila siku ruhusa huombwa kwa mtu na hutolewa na mtu, kwa tendo maalumu na wakati maalumu: mtoto anaomba ruhusa ya kwenda msibani. Kifaransa cha mafundi wetu kinasema mara droits, mara permissions, na wanafunzi hutafsiri kimoja "haki" na kingine "ruhusa" kana kwamba ni mambo mawili. Lakini zile biti tisa si haki anayotembea nayo mtu, wala si ruhusa aliyopewa asubuhi. Ni maandishi yaliyobandikwa kwenye faili, kama tangazo mlangoni. Mfumo humwangalia anayekuja, humweka katika fungu moja kati ya mafungu matatu, na kusoma mstari wa fungu hilo tu. Mwenye faili akijinyima kusoma, hata kama wengine wote wameruhusiwa, yeye atakataliwa. Kwa hiyo tafsiri ya fungu la tatu kuwa "wote", ambayo tumeiona katika maelezo ya darasani, ni kosa. "Wengine" ndilo neno, na Kiswahili kinalo tayari, kwa maana ileile ya wasiokwisha kutajwa.

Tunapendekeza "ruhusa" libaki kwa zile biti, na "mamlaka" litumike kwa uwezo wa kuzibadilisha. Si utani wa maneno. Mashine zetu, zikiwekwa katika Kifaransa, hutoa majibu mawili tofauti. La kwanza ni Permission non accordée: yaani tangazo la mlangoni halikuruhusu. La pili ni Opération non permise: yaani tendo lenyewe si lako, kwa mfano unataka kubadilisha ruhusa za faili ambalo si mali yako, au faili limefungwa kwa amri chattr +i kiasi kwamba hata root atakataliwa mpaka alifungue. Fundi anayesoma jibu la kwanza ataangalia biti na atakagua saraka moja baada ya nyingine mpaka juu. Anayesoma la pili atatazama mwenye faili, kisha lsattr, kisha aina ya diski. Tukiyatafsiri yote mawili "huna ruhusa", kama inavyofanywa kwa mdomo kila siku, tumemnyima fundi dalili yake ya kwanza.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoitoa Jambo OpenOffice, wapenzi wa lugha walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ile ilikuwa kazi ya menyu na vitufe, yale yanayoonekana na karani. Majibu haya ya chini, ambayo mashine hutoa inapokataa, ni kazi nyingine, na yanadai mtafsiri anayejua sababu za kukataa.

Mfano mwingine ni herufi x. Kwa faili, inaruhusu kuliendesha kama programu. Kwa saraka haiendeshi chochote. Inaruhusu kupita ndani yake na kuyafikia yaliyomo. Tafsiri moja ya "kutekeleza" kwa yote mawili imewagharimu watu. Msimamizi anayetaka kuwanyima watu "kutekeleza" mafaili ya maandishi huandika chmod -R 644 juu ya saraka nzima, na papo hapo watumiaji wote, yeye mwenyewe akiwemo asipokuwa root, wanashindwa kuingia. Angejua kwamba katika saraka herufi ile inasomeka "kupita", mkono ungesita. Chmod yenyewe inaijua tofauti hiyo: X kubwa huwekwa kwenye saraka, na kwenye faili ambalo tayari lina ruhusa ya kuendeshwa na yeyote.

Kosa la upande wa pili hutoka kwenye flashi, au kle, kama wasemavyo wanafunzi. Nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT, uliobuniwa kwa mashine za mtu mmoja, nao hauna mahali pa kuandika mwenye faili wala ruhusa. Linux inapoisoma flashi hiyo, huyabunia mafaili yote mwenye mmoja na ruhusa za namna moja, mara nyingi pamoja na ile ya kuendesha. Chmod juu yake haifanyi kitu au inajibiwa Opération non permise. Mwanafunzi akiyachukua mafaili yake nyumbani kwa flashi na kuyarudisha kwa cp -a, ruhusa zile za kubuniwa zinaingia katika seva kama za kweli, na simulizi la mzee aliyefanya kazi Union Minière linaonekana kuwa programu ya kuendeshwa.

5. Kumtafuta mtenda

Zipo, hata hivyo, hali ambazo faili ni lilelile na ruhusa zake zimebadilishwa kweli. Ushahidi wake upo katika amri stat, na hapa tena tafsiri ina hatia. Amri hiyo hutoa nyakati kadhaa, na kwa Kifaransa mbili kati ya hizo huitwa Modif. na Changt. Mwanafunzi huzitafsiri zote "kubadilika", kisha anashangaa kwa nini zinapingana. Wa kwanza ni wakati maandishi ya ndani yalipoandikwa mara ya mwisho. Wa pili ni wakati inodi yenyewe ilipoguswa: ruhusa, mwenye faili, kundi, jina, na hata maandishi, kwa kuwa kuandika nako kunaigusa inodi. Tuite ule wa kwanza "wakati wa kuandikwa" na huu wa pili "wakati wa kuguswa". Inodi ikiwa ileile, wakati wa kuandikwa ukiwa wa zamani na wa kuguswa ukiwa wa jana usiku, basi kuna aliyelishika faili bila kuandika ndani yake. Mtu anaweza kuughushi wakati wa kuandikwa kwa amri touch. Wa kuguswa hauna amri ya kuughushi, na kwa hiyo ndio shahidi wa kuaminika zaidi.

Idara ile tuliyoitaja ilikuja kuhitaji elimu hii, kwa sababu umask iliposahihishwa malalamiko hayakwisha. Mafaili ambayo hayajasahihishwa na mtu, yaliyopewa 664 jioni, asubuhi yalikuwa na 644. Safari hii inodi zilikuwa zilezile. Wakati wa kuandikwa haukusogea. Wakati wa kuguswa ulikuwa saa 8 za usiku na dakika chache, kila usiku, kwa mafaili yote. Hakuna mwanafunzi anayekuwa maabara saa hiyo, lakini wapo waliosema kwamba mtu aweza kuingia kutoka mbali, na jina la yule mwanafunzi likatajwa tena.

Kernel ya Linux ina daftari la ukaguzi. Msimamizi huandika auditctl -w, njia ya saraka, kisha -p wa ili kunasa kuandikwa na kubadilishwa kwa sifa, na -k pamoja na neno la utambulisho. Kuanzia hapo kila tendo linaandikwa pamoja na programu iliyolitenda, mtumiaji ambaye programu inatumia jina lake, na namba iitwayo auid: namba ya mtu aliyeingia mwanzoni, ambayo inabaki vilevile hata akijigeuza kuwa root kwa su. Kasoro ya daftari hili ni kwamba halijui yaliyopita. Lililotokea kabla ya kuliweka limekwisha potea, na ndiyo sababu tungependa liwekwe siku ya kufungua saraka ya pamoja badala ya siku ya ugomvi.

Liliwekwa jioni. Asubuhi msimamizi aliandika ausearch -k na kusoma: programu ni rsync, mtumiaji ni root, hakuna mwanafunzi. Katika orodha ya kazi za usiku, crontab, kulikuwa na mstari ulioandikwa na fundi aliyekwisha kuondoka, wakati masimulizi yalipohamishwa kutoka seva ya zamani. Ulikuwa unayaleta mafaili kila usiku kwa rsync yenye -a na -u. Alama ya -u iliyaruka mafaili ambayo upande huu ni mapya zaidi, na kwa hiyo masahihisho ya tahajia yalisalimika. Lakini kwa faili lililo sawa pande zote mbili, -a hainakili maandishi, ila inasawazisha ruhusa na zile za chanzo. Na kwenye seva ya zamani kila kitu kilikuwa 644. Mashine ilitii agizo ambalo hakuna aliyekumbuka kwamba lilitolewa.

Mstari ule uliondolewa siku hiyohiyo, na mwanafunzi akapangiwa tarehe ya kutetea tasnifu. Mafaili yalirudishiwa ruhusa ya kundi kwa chmod g+w, moja baada ya jingine kwa kufuata orodha ya ukaguzi, si kwa -R, kwa kuwa ndani ya saraka ile zilikuwamo pia nakala za awali za kanda ambazo idara ilikuwa imezifunga kwa makusudi zisiandikwe na mtu.